Sahani ya Hatua Kumi na Mbili

Mambo makubwa ya maisha yangu nilichaguliwa na wengine. Shule nilichaguliwa, masomo ya chuo kikuu nilichaguliwa, na kituo cha kazi nilipangiwa kwa barua yenye mstari mmoja na nusu. Lakini alasiri moja ya Alhamisi, katikati ya miaka hii ya sabini, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, niliachiwa nichague mwenyewe, kwa uhuru kamili, mojawapo ya sahani tatu za plastiki. Nikachagua vibaya. Wala sikukosea kwa kutojua, kwa maana sahani niliyoitaka niliijua kama ninavyolijua jina langu. Nilikosea kwa Kiswahili, somo ambalo nilikuwa nikilifundisha kwa mwaka wa kumi na mbili.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa juu kidogo ya Kihesa, mahali ambapo mji wa Iringa huishia na miamba huanza. Upepo wa pale haupumziki. Kijana mmoja Mzungu, aliyekuja kujitolea kufundisha sayansi kwa miaka miwili, alikuwa amesimika nguzo saba kati ya mikaratusi, na juu ya kila nguzo akafunga tenga la kubebea nyanya. Mchezo wenyewe haukuwa na siri. Ulisimama kwenye nguzo moja ukarusha sahani kuelekea tenga la nguzo inayofuata, ukaifuata ilipoangukia, ukarusha tena kutoka hapo, mpaka itue ndani ya tenga. Aliyetumia mirusho michache kuliko wenzake katika matenga yote saba ndiye aliyeshinda. Muda wake ulipokwisha, kijana yule alirudi kwao, akatuachia matenga, sahani tatu, na karatasi ya kanuni iliyoandikwa kwa lugha yake.

Mkuu wa Chuo alinipa karatasi hiyo niitafsiri. "Wageni wakija," alisema, "wasitukute tunacheza kwa Kiingereza."

Niliitafsiri kwa bidii ambayo mchezo haukuistahili. Zilikuwa siku ambazo kila kitu kilitafutiwa neno, na kila mwalimu wa Kiswahili alijiona ameshika ufunguo wa mlango wa nchi. Sahani zile zilitofautiana kwa ukubwa. Ya kati niliiita sahani. Ndogo, iliyokuwa nyembamba na nyepesi, niliiita kisahani. Kubwa, nzito, yenye mdomo mnene kama wa sinia, ikawa jisahani. Kisha nikakaa nikizitazama juu ya meza yangu: ile, kile, lile. Ngeli tatu zimelala mbele yangu, moja ya bluu, moja nyekundu, moja ya manjano. Furaha niliyoipata hapo sijui kama nitamweleza mtu ambaye hajawahi kusahihisha insha mia moja na ishirini kwa wiki moja.

Furaha hiyo ndiyo iliyonifanya niongeze kanuni ambayo haikuwamo katika karatasi ya yule kijana. Maneno yake nayakumbuka, kwa sababu baadaye nilipata muda mwingi wa kuyakumbuka: "Kanuni ya nne. Mchezaji ataomba sahani kwa kuitaja kwa upatanisho ulio sahihi. Ngeli ndiyo itakayoamua, wala si sifa. Kitakachotajwa ndicho kitakachotolewa, na kikishatajwa hakibadilishwi." Sifa nilizipiga marufuku kwa kuogopa ubishi, maana sahani ya kati ni kubwa ukiilinganisha na kisahani, na ni ndogo ukiilinganisha na jisahani. Mlango wa bwalo ulibandikwa kanuni hizo, nami nilikuwa na desturi ya kupita hapo hata nisipokuwa na njaa.

Tulianza kwa kudhani kwamba kisahani ni cha karibu na jisahani ni la mbali. Mtu yeyote angedhani hivyo. Ilituchukua karibu muhula mzima kugundua kwamba mambo yalikuwa kinyume. Kisahani, kwa wembamba wake, kilikata upepo, kikalipita tenga na kwenda kutafutwa kwenye miamba. Sahani ilikwenda sawasawa, lakini ikigusa kitu haikutulia. Iliteleza au ilibiringika. Jisahani, ambalo tulilidharau kwa unene wake, lilielea polepole, likashuka kama mtu mzima anayejiketisha, na pale lilipotua ndipo lilipobaki. Kwa mrusho mfupi, hasa penye mteremko, mwenye akili aliomba lile.

Aliyetukabidhi sahani alikuwa mama mpishi wa chuo, Mhehe wa pale pale Kihesa, mwanamke wa makamo aliyepewa kazi hiyo kwa sababu mbili: sahani zilihifadhiwa stoo ya jikoni kwake, na yeye peke yake hapo chuoni hakujali nani anashinda. Alitembea pembeni mwa wachezaji na kikapu mkononi, akimpa kila mmoja alichokitaja kabla ya kila mrusho. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kama kilivyo chetu sote tunapokuwa majumbani. Kwake kila kitu duniani kilikuwa ile. Ile mtoto, ile maji, ile kiti.

"Si ile kiti, mama," nilimwambia siku moja. "Ni kile kiti."

"Kwani nilivyokuambia ukae kwenye ile kiti, ulikaa wapi, Mwalimu?"

"Nilikaa kwenye kiti."

"Basi uliielewa."

Hata hivyo kanuni ya nne aliisimamia kuliko mimi niliyeitunga. Hakuifuata katika mazungumzo yake, lakini aliwasimamia wengine kwa ukali, kama askari wa barabarani asiye na gari. Mwanachuo akiomba "ile ndogo", alipewa sahani ya kati, akazomewa na wenzake, akaenda kurusha huku masikio yamemwiva. Mimi nilikuwa nikitabasamu. Hilo nililiita elimu.

Kisha ikaja barua. Chuo kimoja cha Mbeya kilihitaji mwalimu mmoja wa kuongoza kozi za elimu ya watu wazima, wa somo lolote, na Mkuu wetu aliombwa atoe jina. Tulioomba uhamisho wa Mbeya tulikuwa wawili: mimi na mwalimu wa hesabu, Mnyakyusa mwenye kicheko kikubwa, jirani yangu wa mlango wa pili. Mke wake alikuwa muuguzi kule, na watoto wake wawili walimwona likizo kwa likizo, kiasi kwamba yule mdogo alimwita mjomba. Mimi sikuwa na mke, hali ambayo mama yangu aliitaja kwa sauti ile ile aliyoitumia kutaja magonjwa. Nilikuwa na mama mwenyewe. Aliishi peke yake Soweto, kule kule Mbeya, na mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kulifunga jicho la kulia na kuanza la kushoto. Nyumba yake aliijua kwa mikono na kwa hatua: kumi na moja kutoka kitandani mpaka mlangoni, sita kutoka mlangoni mpaka jikoni. Jirani mmoja alimpeleka sokoni Mwanjelwa akiwa amemshika kiwiko. Nilikuwa nimemwahidi kwamba kabla jicho la pili halijafunga ningekuwa karibu naye, ili asilazimike kuondoka katika nyumba hiyo. Ndilo jambo pekee aliloniomba tangu nilipoanza kazi, ukiacha mkwe.

Mkuu alituita ofisini wote wawili. "Nyinyi ni watu wazima," alisema. "Kubalianeni, mniletee jina moja Ijumaa." Alikuwa kiongozi mwerevu, sikupata kumwona akifanya uamuzi ambao ungeweza kufanywa na mtu mwingine.

Tukajaribu kukubaliana.

"Nenda wewe, kaka," nilimwambia. "Una watoto."

"Hapana, nenda wewe. Mama ni mmoja."

"Watoto hawangoji."

"Na macho ya mama je, yanangoja?"

Siku mbili zikapita kwa namna hiyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake kitu anachokililia moyoni. Tulikuwa watu wa adabu. Lakini adabu ina hatari yake, na kufikia Jumatano nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba angenikubalia. Nadhani naye aliniogopa vilevile, kwa maana jioni hiyo alinijia mlangoni na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, akakaa, akasema, "Tucheze."

"Tucheze nini?"

"Matenga saba, kesho baada ya vipindi. Atakayeshinda anakwenda, atakayeshindwa anampelekea Mkuu jina la mwenzake. Hapo hakuna wa kumlaumu mwingine. Kwa hesabu ni haki kabisa."

"Na kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili wewe ndiye mwenye kanuni," alisema, akacheka mpaka ulanzi ukamwagika.

Nilikubali upesi kuliko ilivyopasa. Ukweli ni kwamba nilirusha vizuri kumzidi, na sote wawili tulilijua hilo. Alichokuwa akinipa, nafikiri sasa, kilikuwa njia ya kuchukua nafasi ile bila kuonekana nimeichukua.

Alhamisi upepo ulikuwa wa kawaida, yaani mkali. Matenga sita ya kwanza tulitoka sawa. Yeye alirusha kwa nguvu na kuomba radhi kwa miti; mimi nilirusha kwa kufikiri. La saba lilikuwa nyuma ya jikoni, juu ya kichuguu cha zamani, na nyuma yake ardhi ilishuka moja kwa moja hadi kwenye bustani ya kabichi. Mwenzangu alilimaliza kwa mirusho minne. Mimi nilikuwa nimerusha mara mbili, na sahani yangu ya pili iliangukia karibu na tenga. Nilipima kwa hatua: kumi na mbili.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi hata kwa mwalimu wa lugha. Nikitia sasa, nimeshinda. Nikikosa kwa upole, sahani ikabaki pale pale chini ya nguzo, nitatia kwa mrusho wa nne, tutoke sawa, turudie tenga hilo. Nikikosa kwa pupa, sahani ikaporomoka mpaka kwenye kabichi, nimeshindwa. Kwa hiyo palikuwa na sahani moja tu ya kuomba. Kwa umbali wa hatua kumi na mbili, upepo ukitoka kushoto na mteremko ukiwa mbele, mtu hahitaji sahani inayokwenda. Anahitaji inayobaki. Jisahani lilikuwa limeumbwa kwa ajili ya saa hiyo.

Nilijua hivyo, na bado nikachukua muda. Nilishika majani makavu nikayaachia niuone upepo. Nikaifuta mikono kwenye suruali. Nikachuchumaa, nikasimama.

"Mwalimu," alisema mama mpishi, "maharage yangu iko jikoni."

Watu hudhani kwamba wakati kama huo akili hukaa kwenye jambo lenyewe. Yangu ilikuwa imekwenda Soweto. Nilikuwa namwona mama amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, sweta limefungwa mpaka kifungo cha juu kwa sababu ya baridi, nami nikimfikia Jumamosi na habari. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Nyumbani kwetu tulisema Kisafwa, na Kiswahili kilikuwa cha kuchanganyia tu, kile alichokiokota mama sokoni, ambamo ungo, kuni, chumvi na mimi mwenyewe sote tulikuwa ngeli moja. Alinyoosha mkono bila kugeuka akasema nipe ile, nawe ukajua ni nini.

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Mama," nilisema, "nipe ile kubwa."

Kitu kilichowekwa mkononi mwangu kilikuwa chepesi. Nilikitazama. Ilikuwa sahani ya kati, ya bluu.

"Nimesema kubwa," nilisema.

"Umesema ile."

"Ile kubwa, mama. Jisahani."

"Kanuni ya nne," alisema. Hakuwa akitania. "Ngeli ndiyo itakayoamua, wala si sifa." Alilisema hilo kwa upatanisho usio na kasoro hata moja.

Mwalimu wa hesabu aliangua kicheko, kisha akaniona uso. Akanisogelea. "Kaka, chukua lile," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimesikia umesema lile."

"Hukusikia lile."

"Nimesikia. Mama, si alisema lile?"

Mama mpishi alilitazama jisahani ndani ya kikapu chake. "Nyinyi mkisema alisema lile," alijibu, "mimi naweza kuwa nilisikia vibaya. Moshi ya jikoni inaziba masikio."

Basi mlango ulikuwa wazi, na walioushika ni wale wawili tu waliokuwa na haki ya kuufunga. Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwa uaminifu, na kwa miezi kadhaa ndivyo nilivyojieleza. Lakini wanachuo kama kumi walikuwa wamekusanyika kwenye ukuta wa jikoni, na miongoni mwao walikuwapo wale niliowahi kuwatazama kwa tabasamu walipokabidhiwa sahani wasiyoitaka. Mmoja wao alikuwa amekwisha kumnong'oneza mwenzake neno moja, na neno lenyewe sikuhitaji kulisikia. Kukosea mbele yao niliweza kukuvumilia. Kusamehewa mbele yao sikuweza.

"Kanuni ni kanuni," nilisema. Nimegundua tangu wakati huo kwamba watu husema maneno hayo hasa wanapojizungumzia wao wenyewe.

Nikairusha sahani. Haukuwa mrusho mbaya. Hilo nalo lilinisumbua baadaye. Ilikwenda sawasawa, ikagonga mdomo wa tenga, ikayumba kidogo kama inayofikiri, ikaangukia ng'ambo kwa ukingo wake, ikasimama, na ikaanza kubiringika. Tuliitazama ikishuka kichuguu bila haraka, ikapita kati ya mistari miwili ya kabichi bila kugusa hata moja, ikafika kwenye mfereji. Mrusho wa nne ulinirudisha nusu ya mteremko. Wa tano niliutia. Kwa wa tano niliomba lile, kwa sauti iliyosikika mpaka bwaloni.

Ijumaa nilimpelekea Mkuu jina la mwenzangu. "Vizuri," alisema. "Nilijua mtaelewana."

Jumamosi nilipanda basi kwenda Mbeya kumwambia mama mwenyewe. Kutoka Makambako tulishuka kuelekea tambarare ya Usangu, ambako ng'ombe walivuka barabara kwa utulivu wa watu wasiohamishwa, kisha tukapanda tena kwenye ukungu. Nilimkuta mlangoni kama nilivyomwona siku ile, isipokuwa alikuwa akichambua maharage kwenye ungo kwa ncha za vidole, akitupa mawe kwa kuyahisi. Nilimsimulia. Sikumficha tenga wala kabichi. Nilimficha tu kwamba nilipewa nafasi ya kuomba tena.

"Kwa hiyo ulisema ile," alisema.

"Nilisema ile."

"Na ulitaka useme nini?"

"Lile."

Vidole vyake vilisimama. Alilipima jambo hilo kwa haki zote. "Mbona ni ile ile," alisema.

Mwalimu wa hesabu alihamia Mbeya mwezi uliofuata. Kila Jumapili alimpitia mama yangu, akamchotea maji, akamsomea barua zangu na kuzitia vichekesho ambavyo sikuviandika. Alitekeleza ahadi yangu vizuri kuliko ambavyo ningeitekeleza mimi. Lakini jicho la kushoto lilifunga kabla ya mvua kuisha. Mama akaungua mkono jikoni, na mwenzangu akaniandikia kwamba haifai tena akae peke yake.

Nilipokwenda kumchukua, alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake kwenye khanga mbili. Alikaa kitandani.

"Rafiki yako ananipenda," alisema. "Ananiambia kila kitu."

Nikajua ni kitu gani.

"Walikuambia uchukue nyingine. Ukakataa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ya lile." Alilitamka vizuri, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Ndiyo, mama."

Alisimama, akatembea hatua zake kumi na moja hadi mlangoni, akaweka kiganja kwenye mwimo wa mlango. Nilisimama nyuma yake na khanga zile mbili mikononi. Kisha akaniambia tutachelewa basi.

Sasa ni mwaka wa tatu yuko nami hapa Iringa. Mchezo ulikufa wenyewe. Matenga yalioza, na kanuni zangu zilibanduliwa kupisha ratiba ya zamu za usafi. Mama mpishi humjia mama yangu Jumamosi, na wawili hao huzungumza Kiswahili ambacho nikiwa darasani ningekitia wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Wanaelewana kabisa. Ni yeye aliyemletea jisahani, kwa kuwa ukingo wake mnene unafaa kuzuia maharage yasimwagike anapoyachambua. Madarasani naendelea kufundisha ngeli, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na bado naipenda. Ila mwanachuo akikosea hatazamwi tena kwa tabasamu.

Chumba cha mama hapa ni kifupi. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tisa. Anazijua, lakini asubuhi nyingine miguu yake huamka ikiwa Soweto, nami humkuta amesimama ameugusa ukuta, ana hatua mbili ambazo hazina pa kwenda. Humshika kiwiko nikamgeuza. Anakaa mlangoni kwenye kigoda, ananyoosha mkono bila kugeuza uso, anasema, "Nipe ile." Mara ni kikombe, mara ni fimbo, mara ni jisahani na maharage yake. Simwulizi ni ipi. Bado sijakosea.